Stendi ya kamera: nyepesi begani, imara mlimani
Wapiga picha wanaopanda Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, hutembea siku kadhaa kwenye mvua na matope. Mzigo mwepesi wa asubuhi huwalemea jioni. Stendi ya nyuzi za kaboni ni nyepesi kuliko ya alumini yenye ukubwa ule ule, ila bei yake iko juu. Yenye miguu ya vipande vingi hukunjwa ikawa fupi, lakini vipande vya chini huwa vyembamba na hutikisika. Asiye na fedha nyingi achague fupi ya alumini, apige picha akiwa amechuchumaa. Upepo ukivuma, nguzo ya kati ishushwe na mkoba utundikwe chini yake. Kilele cha Margherita kina mita 5,109. Si rahisi kurudi huko kesho kwa sababu picha ilitikisika.