Mpiga Kinanda wa Lagos

Mwaka 1914 Bwana Thomas Ekundayo Phillips alirejea kwao Nigeria kutoka London, ambako alikuwa akijifunza muziki tangu 1911 katika chuo cha Trinity. Akapewa kazi ya kupiga kinanda na kufundisha waimbaji katika Kanisa Kuu la Kristo, Lagos, naye akaishika hadi mwaka 1962, yaani miaka 48.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Lugha ya Kiyoruba hutamkwa kwa sauti tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Neno “ọkọ”, likipandishwa au kushushwa sauti, laweza kuwa mume, jembe au chombo cha safari. Basi nyimbo za Kiingereza zilipofasiriwa na kuimbwa kwa tuni zile zile za Ulaya, sauti ilipanda mahali pa kushuka, na maana ikapotea. Watu waliimba kwa bidii, lakini maneno yalisema mengine.

Bwana Phillips hakukitupa kinanda, wala hakuidharau lugha ya wazee wake. Alitunga nyimbo ambazo tuni zake hufuata matamshi ya Kiyoruba, na mwaka 1953 kitabu chake juu ya muziki wa Wayoruba kilipigwa chapa. Miongoni mwa vijana aliowafundisha alikuwamo Fela Sowande, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kupiga kinanda na kutunga muziki.

Alipostaafu, mwanawe Charles alishika kazi hiyo. Mzee Phillips alifariki mwaka 1969, akiwa amewawezesha watu wake kumsifu Mungu pasipo kuyaharibu maneno yao.