Midomo Miwili ya Lokole

Sisi wa kitivo hiki tumezoea kutafuta toni katika daftari na katika kinasa sauti. Mimi niliikuta kwanza ndani ya gogo, kwa mjomba wangu anayechonga ngoma huko Salamabila, eneo la Kabambare, jimbo la Maniema.

Ngoma yenyewe haina ngozi. Wengi Kongo huiita lokole. Fundi huchagua gogo la mti mgumu lisilo na ufa, hukata mpasuo mwembamba kwa urefu wake, kisha huchimba tumbo kwa patasi yenye mpini mrefu, akipitia mpasuo huohuo. Ugumu wa kazi uko kwenye midomo miwili ya mpasuo. Upande mmoja huchimbwa zaidi, mdomo ukawa mwembamba na kutoa sauti ya chini. Wa pili huachwa mnene, ukatoa sauti ya juu. Mjomba hupunguza kidogo, hupiga, husikiliza, hupunguza tena. Akizidisha, hakuna kurudisha.

Kwa nini sauti mbili? Kibangubangu, kama lugha nyingi za Kibantu za Kongo, hutofautisha toni ya juu na ya chini. Ngoma haitamki konsonanti wala vokali. Hutoa toni za silabi tu. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zilezile, mpigaji hatumii neno moja, hutumia kirai kirefu kinachojulikana na wasikilizaji. John Carrington, katika kitabu chake cha mwaka 1949, alieleza kwamba Walokele wa karibu na Kisangani wakitaka kutaja mwezi kwa ngoma, hupiga maneno yenye maana ya mwezi unaoitazama dunia.

Likizo iliyopita nilimwomba mjomba apige salamu kwa Kiswahili. Akacheka: “Mwipwa, Kiswahili hakina juu wala chini.” Ni kweli. Kiswahili kina mkazo, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hivyo baba, mama na nyoka hulia sawasawa.

Watoto wake wanasema Kiswahili tu. Kuchonga wanajua. Lokole waliyoimaliza ni nzuri kwa macho, lakini midomo yake ina unene mmoja, maana masikio yao hayakudai tofauti. Itapigwa arusini, kuita mtu kwa jina haiwezi.

Basi atakayekwenda Maniema kurekodi lugha, akae pia na wachongaji, wakati bado wanasikia toni wanayoichonga.