Mizani ya Baiti: Kusoma Faili ya Sauti kwa Lugha ya Kifankisheni, na Funzo Lake kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi data ghafi zinavyosomwa kutoka kwenye faili ya tarakilishi kwa kutumia Haskell, mojawapo ya lugha za programu ziitwazo za kifankisheni. Huenda msomaji akajiuliza mada ya aina hii imeingiaje katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba mimi sikuitafuta, ilinijia.

Mwaka 2023 nilikuwa nikikusanya ngano katika vijiji vya milimani juu ya Mwatate, Kaunti ya Taita Taveta, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Nyanya mmoja alinisimulia kwa muda wa dakika 40, mara kwa Kidawida, mara kwa Kiswahili. Alipokuwa akiukaribia mwisho, betri ya kinasasauti ikaisha. Niliporejea Voi jioni ile, faili niliiona kwenye kadi na ukubwa wake ulionekana, lakini kila programu niliyoijaribu ilidai kwamba sauti hiyo ina urefu wa sekunde 0. Fundi mmoja alinishauri niifute nikarekodi upya. Nilinuia kufanya hivyo. Kabla sijapanda tena milimani, nilipata habari kwamba msimulizi wangu amefariki. Hapakuwa tena na wa kurekodiwa.

Dai la makala haya ni moja: faili haijielezi yenyewe. Maana yake imo katika kanuni ambayo msomaji huja nayo kutoka nje. Aidha, mtu aliyefunzwa kuhesabu mizani za shairi na kuchanganua mofimu za kitenzi tayari anayo sehemu kubwa ya maarifa yanayohitajika ili kuisoma.

2.0 Baiti na Mizani

Kila kitu kilichohifadhiwa kwenye tarakilishi, kiwe barua, picha au sauti, ni mfululizo wa tarakimu mbili tu: 0 na 1. Tarakimu moja huitwa biti. Biti 8 huunda baiti moja, na baiti moja inaweza kubeba namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Faili, basi, ni safu ndefu ya namba za aina hiyo. Haina nafasi kati ya neno na neno, wala mstari, wala nukta.

Tuchukue baiti nne zenye thamani 82, 73, 70 na 70. Tukizisoma kama herufi, tunapata RIFF. Tukizisoma kama namba moja kubwa, tunapata zaidi ya bilioni moja. Tukizisoma kama sauti, tunapata mtikisiko mfupi usiosikika vizuri. Usomaji wote huu unawezekana, na hakuna chochote ndani ya baiti zenyewe kinachotuambia upi ndio sahihi.

Hali hii si ngeni kwetu. Wanaosoma hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanajua kwamba alama moja ya irabu inaweza kuwa /i/ au /e/, na nyingine /u/ au /o/. Anayetaka kuisoma hati hiyo sharti awe anaijua lugha, na akiwa mbele ya utenzi, sharti ajue kanuni zake za arudhi. Tuseme tumepewa utenzi ulioandikwa mfululizo bila kutenganishwa. Tukijua kwamba kila ubeti una vipande 4 na kila kipande kina mizani 8, tutahesabu mizani 32 na kuurejesha ubeti mahali pake, kisha vina vitatuthibitishia kwamba hatukukosea. Tukikosea kwa mizani moja tu mwanzoni, kila kipande kinachofuata kitaanzia katikati ya neno. Kusoma data za baiti ni kazi ya namna hiyohiyo: anayesoma huhesabu, hukata, halafu hutafuta pa kujithibitishia.

Faili ya sauti ya aina iliyotumiwa na kinasasauti changu, yaani WAV, katika umbo lake la kawaida ina kichwa cha baiti 44. Baiti 4 za kwanza ni herufi RIFF. 4 zinazofuata hutaja ukubwa wa faili ukiondoa baiti 8. Kisha huja herufi WAVE. Baada ya hapo hutajwa idadi ya njia za sauti, idadi ya sampuli kwa sekunde, na idadi ya biti kwa kila sampuli. Mwishoni mwa kichwa kuna neno «data» na namba inayotaja urefu wa sauti yenyewe kwa baiti. Kuanzia baiti ya 45, ni sauti tupu hadi mwisho.

3.0 Ishirini na Tano au Hamsa wa Ishirini?

Kuna jambo moja linalowakwaza wengi wanaoanza. Namba ikizidi 255 haiwezi kuenea katika baiti moja. Huhitaji mbili au nne. Je, baiti ipi itangulie, ile yenye thamani kubwa au ile yenye thamani ndogo?

Kiswahili chetu cha kila siku hutanguliza kubwa: ishirini na tano. Lakini wapo Waswahili wa pwani waliohesabu kwa kufuata Kiarabu wakasema hamsa wa ishirini, ndogo ikatangulia kubwa. Namba ni ileile. Utaratibu wa kuitamka ndio uliogeuka. Faili za WAV ni za hamsa wa ishirini. Idadi ya sampuli kwa sekunde katika faili yangu iliandikwa kwa baiti 68, 172, 0 na 0. Ndogo ikitangulia, hesabu ni 68 kujumlisha 172 mara 256, yaani 44,100, ambayo ni idadi ya kawaida kabisa. Tukisoma kwa kutanguliza kubwa, tunapata 1,152,122,880, sampuli ambazo hakuna kinasasauti cha mtafiti kinachoweza kuzichukua kwa sekunde moja.

Wanafasihi watafurahi kujua kwamba majina ya Kiingereza ya taratibu hizi mbili yana asili ya kifasihi. Mwaka 1980 Danny Cohen, mwanasayansi wa tarakilishi, aliyachukua kutoka kwa Jonathan Swift, ambaye katika kitabu chake cha safari za Gulliver (1726) aliwakejeli watu waliopigana vita kwa sababu ya ncha ya kuvunjia yai: ile kubwa au ile ndogo.

4.0 Kisomaji Kidogo Huunda Kikubwa

Haskell ilitangazwa rasmi mwaka 1990 na kamati ya wataalamu, ikapewa jina la mwanamantiki Mmarekani Haskell Curry. Katika lugha za aina hii, programu ni mkusanyiko wa fankisheni kwa maana ya kihisabati: ukiipa kitu kilekile, hurudisha jibu lilelile siku zote, wala haibadilishi chochote pembeni. Kwa mtu anayeshika nakala pekee ya sauti ya marehemu, sifa hii si ya kudharauliwa. Fankisheni inayosoma baiti hizo haina njia ya kuigusa faili yenyewe.

Tahadhari ya kwanza ni kutoifungua faili kama maandishi. Fankisheni ya kawaida ya kusoma maandishi hujaribu kugeuza kila baiti kuwa herufi, na ikikuta mfuatano usio halali hukwama. Haskell ina aina ya data iitwayo ByteString, ambayo hupokea baiti kama zilivyo. Juu yake kuna maktaba iitwayo binary, yenye fankisheni ndogondogo za kusoma, nitaziita visomaji. Kisomaji getWord16le husoma namba ya baiti 2 kwa utaratibu wa ndogo kwanza, getWord32le husoma ya baiti 4, na skip huruka idadi ya baiti tunayoitaja. Visomaji hivi huunganishwa kuwa kimoja kikubwa:

somaKichwa = do
  alama <- getByteString 4
  ukubwa <- getWord32le
  aina <- getByteString 4
  skip 10
  njia <- getWord16le
  kasi <- getWord32le
  skip 6
  kina <- getWord16le
  skip 4
  urefu <- getWord32le
  return (njia, kasi, kina, urefu)

Majina ya upande wa kushoto nimeyatunga kwa Kiswahili, na Haskell haikulalamika. Msomaji akijumlisha baiti zote, zilizosomwa na zilizorukwa, atapata 44 kamili.

Uzuri wa mpangilio huu unaonekana pale hatua moja inapotegemea iliyoitangulia. Tuchanganue kitenzi «nilikupigia»: ni-li-ku-pig-i-a. Kila mofimu hutupa dokezo la inayoweza kufuata. Tukikuta hu- ya mazoea, kama katika «husoma», hatutarajii tena kiambishi cha nafsi wala cha wakati. Vivyo hivyo, si kila faili ya WAV ina kichwa cha baiti 44. Vinasasauti vingine huongeza sehemu yenye tarehe au jina la chombo. Kisomaji makini hakihesabu 44 kwa kukariri. Husoma jina la sehemu (baiti 4), husoma urefu wake (baiti 4), kisha huamua: ikiwa jina ni «data», sauti imefika, ikiwa ni jingine, huruka kadiri ya urefu uliotajwa, na baiti moja zaidi iwapo urefu huo ni witiri.

Jambo la mwisho ni kushindwa. Fankisheni runGetOrFail hurudisha mojawapo ya majibu mawili: la Kushoto, linalotaja kosa na mahali lilipotokea, au la Kulia, lenye matokeo. Mwandishi wa programu hutarajiwa kuyashughulikia yote mawili. Kwa njia hiyo, kosa halifichwi.

5.0 Faili Iliyokatika

Nilipokiendesha kisomaji hiki juu ya faili yangu, jibu lilikuja Kulia. Njia: 1. Kasi: 44,100. Kina: 16. Urefu: 0.

Sifuri ile ndiyo iliyokuwa siri yote. Vinasasauti vingi huandika kichwa kwanza huku nafasi za urefu zikiwa sifuri, kwa kuwa wakati huo havijui mtu atazungumza kwa muda gani. Mtu anapobonyeza kitufe cha kusimamisha, chombo hurudi nyuma na kujaza namba zilizoachwa. Betri yangu iliisha kabla ya hatua hiyo. Kila programu iliyofungua faili iliamini kichwa, ikaona sifuri, ikanyamaza. Sauti ilikuwapo, kilichokosekana ni namba mbili za kuitambulisha.

Namba hizo zilipatikana kwa hesabu ya shule ya msingi. Faili ilikuwa na baiti 211,680,044. Tukiondoa 44 za kichwa, zinabaki 211,680,000. Sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja baiti 2, ni baiti 88,200 kwa sekunde. Tukigawanya tunapata sekunde 2,400, yaani dakika 40 nilizozikumbuka. Hapo ndipo vina vilipokubaliana na mizani.

Nilitengeneza faili mpya, sikuigusa ile ya kwanza. Katika baiti ya 5 hadi ya 8 niliweka 211,680,036. Katika ya 41 hadi ya 44 niliweka 211,680,000. Zilizobaki nikazinakili kama zilivyo. Katika jaribio la kwanza nilinakili kwa kuchelewa baiti moja, nikasikia mngurumo mkali usio na neno, kwa sababu kila sampuli iliunganisha nusu yake na nusu ya jirani. Nilirekebisha. Mara ya pili nilisikia jogoo, kisha kikombe kikiwekwa mezani, kisha sauti yake akiniuliza kama niko tayari.

Mwisho wa ngano haumo. Betri iliuchukua, na hakuna fankisheni itakayourudisha.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kusoma data za baiti ni kuleta kanuni ya nje kwenye safu isiyojieleza, na kwamba lugha ya kifankisheni hutuwezesha kuitamka kanuni hiyo hatua kwa hatua bila kuidhuru faili. Yanayofuata ni mapendekezo kwa watafiti wenzangu. Kwanza, usifute faili iliyokataa kufunguka kabla ya kutazama baiti zake. Pili, fanyia kazi nakala, asili iache ilivyo. Tatu, andika daftarini tarehe, mahali, muda wa simulizi, aina ya faili na kasi ya sampuli. Mimi niliokolewa na kumbukumbu ya dakika 40, na kumbukumbu si ya kutegemewa. Nne, usingoje betri iishe: simamisha kinasasauti kila baada ya ngano moja, ili kila faili ifungwe ipasavyo.

Wazee wanaosimulia kwa Kidawida, Kisagalla na Kitaveta wanapungua, na mengi ya waliyotuachia sasa yamo ndani ya kadi ndogo kuliko ukucha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kichwa cha faili ni daftari la namna hiyo, na sisi tunaorekodi ndio tunaopaswa kujua kulisoma.