Kulaza boti nyumbani: kwa nini kupima mlango wa gereji pekee hakutoshi

Wizi wa injini za boti katika Ziwa Victoria ni kero ya miaka mingi, upande wa Uganda, Kenya na Tanzania vilevile. Injini hufunguliwa usiku mwaloni, na mwenye mali hubaki na chombo kisichoweza kwenda popote. Ndiyo maana baadhi ya wenye boti ndogo za faiba wanaoishi katika miji ya kando ya ziwa, kama vile Entebbe, Kisumu na Mwanza, huona afadhali kukipandisha chombo kwenye trela jioni na kukilaza nyumbani, nyuma ya geti na kufuli.

Jambo hili haliwahusu wote. Mtumbwi wa mbao haufai kukaa nchi kavu muda mrefu: mbao zikikauka husinyaa, viungo vikaachana, na siku ya kurudi majini chombo huvuja. Boti kubwa ya uvuvi yenye urefu wa futi 28, yaani takriban mita 8.5, haiwezi kuingia katika gereji ya kawaida hata kwa dua. Yanayoelezwa hapa ni ya boti ya faiba ya mita nne au tano hivi, ya safari, ya utalii au ya kuvulia sangara kwa ndoana. Boti ya namna hiyo inaweza kuingia, lakini mara nyingi hukwama pale ambapo mwenyewe hakutarajia.

Kosa la kwanza hutokea kwenye karatasi. Boti inayouzwa kama ya mita 5 hupimwa kiwiliwili chake tu. Injini ikitundikwa kwenye tezi huongeza zaidi ya nusu mita kwa nyuma, na mkono wa trela hutokeza karibu mita moja mbele ya omo. Kwa hiyo boti ya mita 5 huhitaji zaidi ya mita 6.5 za sakafu, ilhali gereji nyingi zilijengwa kwa kufikiria gari dogo tu. Injini iliyoinuliwa kwa safari huchukua nafasi kubwa zaidi nyuma. Ikiteremshwa isimame wima, kisha ikageuzwa upande mmoja kama inayokata kona, sentimita kadhaa hupatikana bila gharama yoyote. Zipo pia trela ambazo mkono wake una bawaba na hukunjwa pembeni baada ya kuegeshwa. Hizo huokoa kati ya sentimita 60 na 90. Kuilaza trela mshazari hufaa tu katika gereji ya magari mawili.

Ugumu hasa, hata hivyo, hauko kwenye urefu bali kwenye kimo. Mlango wa gereji mara nyingi una kimo cha mita 2.1 au pungufu, na juu yake kuna linta ya zege. Kinachogonga linta huwa ni kitu chembamba: kioo cha mbele, mlingoti wa taa, antena, au vyuma vya turubai la kivuli. Vinavyokunjika vikunjwe, vinavyofunguka vifunguliwe. Kioo cha boti nyingi hushikwa na skrubu, nacho hutoka kwa nusu saa ya kazi ya uangalifu.

Hapo ndipo wengi huchukua kipimo kimoja cha kimo, wakakilinganisha na mlango, na kukata shauri. Hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu trela haina kimo kimoja. Yenyewe ni kama mizani: huinama na kuinuka juu ya ekseli. Mkono wa mbele ukishuka, kila kilicho mbele ya ekseli hushuka na kila kilicho nyuma yake hupanda. Mkono ukipanda, mambo hugeuka.

Chukua mfano wa boti ambayo kioo chake kiko mita 2.15 kutoka ardhini, mita 1 mbele ya ekseli, na ncha ya mkono wa trela iko mita 3.5 mbele ya ekseli hiyo. Kwa mlango wa mita 2.1, boti hiyo imekosa nafasi kwa sentimita 5. Lakini mkono ukiteremshwa kwa sentimita 35, kioo hushuka kwa sentimita 10 na kupita chini ya linta kikiwa na nafasi ya sentimita 5. Wakati huohuo kichwa cha injini kilicho mita 2 nyuma ya ekseli kitapanda kwa sentimita 20. Kama kilikuwa mita 1.8, hakuna neno. Kama kilikuwa mita 1.95, sasa kitagonga.

Dawa yake ni kutopitisha boti nzima katika mkao mmoja. Trela huingizwa kinyumenyume, mkono ukiwa juu ili tezi ipite chini ya linta. Tezi ikishafika ndani, ambako dari kwa kawaida liko juu zaidi ya linta, trela husimamishwa, mkono huteremshwa kwa gurudumu dogo la mbele, kisha kioo hupita. Mtu mmoja akae pembeni akitazama juu, na mwingine atazame chini, maana mkono ukiwa juu rafadha ya injini iliyoteremshwa hukaribia kukwaruza sakafu. Ni kazi ya subira, kama kupitisha kitanda kwenye mlango wa chumba. Na kwa kuwa mkono wa trela iliyofungwa kwenye gari hauwezi kupandishwa na kushushwa upendavyo, hatua za mwisho hufanywa kwa mikono, trela ikiwa imefunguliwa.

Mteremko mbele ya mlango hubadili hesabu yote. Njia ikipanda kuelekea gereji, magurudumu hufika kwenye sakafu huku mkono ukiwa bado chini, na tezi huinuka. Njia ikishuka kuingia ndani, omo ndiyo huinuka. Kamba iliyonyooshwa kutoka ukingo wa chini wa linta, au fito iliyokatwa kwa kimo kamili cha mlango, huonyesha hatari hiyo mapema. Mteremko una hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kuvunjika kwa kioo: trela yenye uzito wa kilo 1,000, mahali panapopanda mita 1 kwa kila mita 10, huvuta kushuka kwa nguvu ya karibu kilo 100. Watu wawili waliochoka hawaishiki. Trela isifunguliwe kutoka kwenye gari mahali pa mteremko kabla kabari hazijawekwa nyuma na mbele ya magurudumu, na mtoto asisimame upande inakoelekea.

Wapo wanaopunguza upepo wa matairi ili kupata sentimita mbili tatu. Kwa kupita mlangoni tu inakubalika, mradi tairi lijazwe tena kabla ya safari na trela isiachwe hivyo kwa miezi. Fundi wa kuchomelea anaweza pia kuihamisha ekseli kutoka chini ya springi hadi juu yake, na trela nzima ikashuka kwa sentimita 10 hivi. Ila lazima ahakikishe matairi hayasugui boti. Kisichofaa kabisa ni kuchonga linta. Ndani yake mna nondo zinazobeba ukuta ulio juu, na nafasi ya sentimita 4 hailingani na ufa utakaofuata. Kuchimba sakafu nako huleta maji ya mvua ndani.

Boti ikishaingia, mafuta ndiyo ya kuangaliwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni na kutuama. Tangi linalobebeka litolewe nje, nyaya za betri zifunguliwe, na jiko la mkaa, taa ya mafuta au jenereta visiwashwe humo. Injini ya boti isijaribiwe ndani mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua.

Kwa aliyejaribu yote na bado amepungukiwa na nusu mita ya urefu, njia rahisi ni kuifungua injini. Ya nguvu-farasi 15 hubebwa na watu wawili na kufungiwa ndani ya nyumba. Boti yenyewe, ikikosa nafasi kabisa, inaweza kukaa uani chini ya mabati, omo ikiwa imeinuliwa na kizibo cha nyuma kimetolewa, ili maji ya mvua yatoke.