Nani aliwaweka huru watoro wa Rabai?

Kila apitaye Kengeleni, Kisauni, huiona kengele ya Frere Town, makazi ya misheni kwa watumwa waliokombolewa, na ni rahisi kudhani kwamba uhuru wa watumwa pwani hii ulitokana na huruma za Wazungu. Habari za Rabai, kituo cha misheni bara ya Mombasa, zasema vingine. Tarehe 1 Januari 1889, George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza iliyokodi pwani kwa Sultani wa Zanzibar aliwapa hati za uhuru watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa Rabai na vituo vingine vya misheni, akawafidia mabwana zao. Sifa ikamwendea yeye. Mimi nampa kwanza kasisi William Jones, Myao aliyeuzwa utotoni, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akajifunza uhunzi India, akaletwa Rabai mwaka 1864.

Jones hakuwa na cheo cha serikali, lakini alilofanya ni siasa tupu. Mwaka 1885 Askofu James Hannington wa Anglikana alimpa ushemasi. Askofu alipouawa safarini Busoga, Uganda ya leo, mwaka huohuo, Jones ndiye aliyewaongoza waliosalia wa msafara wake hadi Rabai. Huyo si karani wa misheni. Utumwa ulikuwa halali kwa sheria ya Sultani, na wakubwa wa misheni walikataza kuwapokea watoro. Rabai, chini ya Jones, ikaendelea kuwapokea, wakajenga na kulima. Mackenzie alipofika mwaka 1888, kuwarudisha kwa nguvu kungezua kelele Uingereza, na kuwaacha huru bila fidia kungewaudhi mabwana ambao kampuni iliwahitaji. Alichonunua, kwa maoni yangu, ni utulivu wa biashara.

Yuko atakayesema Jones alihatarisha roho za watu, maana mabwana walitishia kuivamia Rabai. Walitishia kweli, ila kumrudisha mtoro kulikuwa hatari ya hakika, si tishio. Pingamizi zito ni jingine: watoro walijikomboa wenyewe, na huko Fuladoyo walikuwa na makazi yao mbali na mikono ya Wazungu. Nakubali, tena bila kinyongo. Jones hakuwatorosha, alikataa tu kuwafungia mlango, na idadi yao ndiyo iliyomlazimisha Mackenzie afungue mkoba. Hati zile, hata hivyo, ziliwahusu waliokuwa misheni tu. Aliyebaki shambani kwa bwana wake hakuguswa. Sheria ya kufuta utumwa pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907.