Kimombo kisikuponze kwa mchumba!

Wiki hii tuiweke kando mitindo ya nywele, tukae kwenye ung'eng'e. Maana siku hizi unao kila mahali: kwenye usaili wa kazi, kwenye meseji, mpaka kwenye kadi za michango ya harusi. Na kuna kineno kidogo mno ambacho kikikosekana, watu wananuniana bure.

Tuseme kijana kamwandikia mchumba wake: "You trust your friends more than me." Binti anasoma, machozi yanamlenga. Kaelewa kwamba analaumiwa: unawaamini rafiki zako kuliko unavyoniamini mimi. Kumbe kijana alitaka kusema tu kwamba yeye hawaamini sana hao rafiki. Angeandika "more than I do," yangeisha.

Usicheke Kiingereza peke yake. Hata kwetu, "unawaamini rafiki zako kuliko mimi" inachanganya vilevile. Sisi tunajinusuru kwa kusema "kuliko ninavyowaamini" au "kuliko unavyoniamini". Mwingereza anatumia kitenzi kisaidizi.

Kichukulie kitenzi hicho kama utingo wa lori. Kitenzi kikuu ndiye dereva. Kwenye ulinganisho, sentensi ikifika nusu ya pili dereva anateremka, utingo anabaki kulinda mzigo. Sasa shika haya:

1. Utingo asibadilishwe ovyo. Ukianza na "can", malizia na "can": "Asha can cook better than I can." Ukianza na "have", baki na "have": "They have waited longer than we have." Na "is" humfuata mtendaji: "Juma is taller than I am." Anayesema "taller than I do" kapandisha utingo wa gari jingine.

2. Kama hakukuwa na utingo, mwite "do". "Asha sings better than I do." "I earn less than she does." Wakati ukibadilika, naye abadilike: "I work harder now than I did last year." Hii ya mwisho ibebe kwenye usaili. Ukisema "than I do last year," umeuchanganya mwaka jana na leo mbele ya bosi mtarajiwa.

3. Kukubaliana na mwenzio kuna sheria hiyohiyo. "Juma likes music and so does Asha," si "so is Asha". Kwa kukanusha: "I can't drive and neither can he."

4. Utingo mmoja asibebeshwe mizigo asiyoiweza. Wengi wanapenda kuandika: "I have never and will never forget you." Tamu, lakini imepinda. "Have" inataka "forgotten", "will" inataka "forget". Andika: "I have never forgotten you and I never will." Vilevile, "The room was swept and the chairs were arranged." Chumba ni kimoja, viti ni vingi, kwa hiyo "was" haiwezi kuvibeba viti, "were" iache mahali pake.

Je, ni "than I" au "than me"? Ubishi huo ni wa kale. Robert Lowth, aliyekuja kuwa askofu wa London, aliugusa kwenye kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Dawa yake ilikuwa kukirudisha kichwani kitenzi kilichoachwa, halafu uone kinataka neno gani. Kwenye maongezi ya kawaida "than me" inasemwa sana, wala isikunyime usingizi. Ila ukiona maana inaweza kwenda huku na kule, tia kitenzi kisaidizi, ubishi uishe.

Haya, jipime. Sahihisha hizi bila kuchungulia chini:

(a) She dances better than I am.
(b) He left earlier than we do.
(c) They are tired and so do I.

Majibu: (a) "than I do", (b) "than we did", (c) "so am I". Ukipata zote tatu, mwandikie barua umpendaye. Ukikosa mbili, mwandikie kwa Kiswahili kwanza, huku ukiendelea na mazoezi!