Ethi ikifungwa vibaya, kompyuta ya mashine huungua

KATIKA vibanda vya jua kali vya Raila, mtaani Kibera, na kandokando ya Barabara ya Naivasha mtaani Kawangware, cheche za fundi wa kuchomelea vyuma si jambo geni. Leo ni fremu ya mashine ya kusaga mahindi iliyopasuka, kesho ni chesisi ya matatu iliyokatika. Kazi hukamilika kwa muda mfupi na fundi akalipwa. Tatizo hujitokeza mwenyewe anapowasha: injini haiitiki, au mota haizunguki. Chuma kimepona, lakini kompyuta inayokiendesha imekufa.

Hasara hiyo humwelemea mwenye mali. Bei ya kifaa kilichoungua huweza kuzidi malipo ya kuchomelea mara nyingi, mbali na siku anazokaa bila kazi.

Chanzo chake ni rahisi kueleweka. Mtambo wa kuchomelea hutoa volti chache, takriban 20 hadi 30 moto unapowaka, lakini ampea zake ni nyingi, mara nyingi kati ya 60 na 200. Umeme huo sharti ukamilishe mzunguko: utoke kwenye kijiti, upite katika chuma, kisha urudi kupitia kibanio cha ethi. Kibanio kikifungwa mbali, au juu ya rangi na kutu, umeme hujitafutia njia nyingine. Hupenya kwenye beringi na kuzichimba vishimo, au hufuata nyaya za kompyuta, ambayo saketi zake nyingi hutumia volti 5 au chini ya hapo.

Wengi hudhani kuzima swichi kunatosha. La hasha. Kwa kawaida swichi ya gari hukata upande wa chanya pekee. Upande wa hasi hubaki umeunganishwa na bodi, na huko ndiko umeme wa kuchomelea unakopitia.

Kwa gari, fundi aondoe waya wa hasi wa betri kwanza, kisha wa chanya. Aidha, achomoe plagi za kompyuta ya injini na kutenganisha nyaya za altaneta. Wakati wa kurejesha, waya wa hasi uwe wa mwisho.

Kwa mashine za umeme wa fezi tatu, swichi kuu izimwe na kufungwa kwa kufuli. Kifaa cha kudhibiti kasi ya mota huhifadhi umeme hatari kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa, hivyo muda ulioandikwa juu yake uheshimiwe kabla ya nyaya kuguswa. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA).

Kisha kibanio kifungwe kwenye kipande kile kile kinachochomelewa, karibu iwezekanavyo, juu ya chuma kilichokwanguliwa kikang'aa. Kati ya kibanio na mahali pa kuchomelea pasiwe na beringi wala bawaba. Nyaya za mtambo zisilazwe sambamba na nyaya za mashine. Sanduku la vidhibiti nalo lifunikwe, kwani hata vumbi la chuma kutoka kwa grainda likiingia ndani huweza kuunganisha nyaya zisizopaswa kukutana.

Hata hivyo, kuna hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Umeme wa kuchomelea ukirudi kupitia waya wa ethi wa mashine yenyewe, huweza kuuchoma waya huo bila yeyote kugundua. Mashine itaendelea kusaga kama kawaida. Lakini siku waya wa moto utakapogusa fremu, umeme wa volti 240 utakosa njia ya kwenda ardhini, na atakayeishika fremu hiyo, pengine mtoto aliyetumwa unga, ndiye atakayekuwa njia.

Ndiyo maana waya wa ethi unapaswa kupimwa kila baada ya kuchomelea, kabla ya mashine kurudishiwa umeme.